Moyo Peke Yake Haufungi Trai

Maneno haya niliyasema mbele ya ndugu zetu wa Kiswahili hapa Logan, kusini mwa Brisbane, Australia, Jumamosi tarehe 24 Mei 2025, siku 4 kabla ya mechi ya kwanza ya mwaka ule ya raga kati ya majimbo ya Queensland na New South Wales. Waliokuwepo wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu kukohoa.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: shikamooni, hamjambo, salaam aleikum, Bwana asifiwe. Kama kuna mtu salamu yake nimeisahau anisamehe. Ukumbi huu una watu wa Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, na mzee mmoja pale nyuma anayetukumbusha kila mwezi kwamba yeye ni wa Unguja mjini, si shamba.

Nimepewa dakika 20 nieleze jambo moja: Jumatano usiku kuna nini, na Queensland yetu ina nafasi gani. Aliyeleta ombi hili ni mama mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anasema wiki nzima hii kila akiingia zamu anaulizwa, "Wewe ni wa nani?" Siku ya kwanza akajibu, "Mimi ni wa Yesu." Wakacheka mpaka bibi mmoja mwenye miaka 90 na ushei akaamka. Ndipo akaelewa kwamba swali halikuwa la dini. Ingawa, nikifikiri vizuri, huenda lilikuwa la dini.

Basi tuanze na mchezo wenyewe, maana ndugu zangu wa Kenya wakisikia raga mawazo yanakwenda kwa Shujaa na raga ya watu 7, au ile ya watu 15. Hii ni raga ya ligi. Kila upande watu 13, dakika 80. Timu yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara 6. Mchezaji akikabwa akalazwa chini, anainuka, anauviringisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota na safari inaendelea. Akilazwa mtu wao mara ya sita, mpira ni wa wenzao. Ndiyo sababu wakishaangushwa mara ya tano utaona mtu anaupiga teke juu kabisa kama anayefukuza kunguru: anajua muda wake umekwisha. Ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wao hiyo ni trai, pointi 4. Teke la baada yake ni pointi 2, na penalti ukiipiga golini ni 2 vilevile. Hayo yanatosha. Mengine mtajifunza kwa kupiga kelele.

Sasa utani wenyewe. Sisi tunaotoka Tanzania tunajua Simba na Yanga, na Wakenya wanajua Gor na Ingwe. Lakini Simba na Yanga unachagua. Mimi baba yangu Yanga, mimi Simba, na tulikula sahani moja. Hapa huchagui. Jina lenyewe la mashindano ni Origin, yaani asili, na maana yake ni kwamba unachezea kwenu, si kwa anayekulipa mshahara.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Majimbo haya mawili yamekutana kwenye raga ya ligi tangu 1908, na kwa miaka mingi mchezaji alilichezea jimbo ambalo klabu yake ipo. Kisha mwaka 1956 serikali ya New South Wales ikahalalisha mashine za kamari kwenye klabu. Klabu za Sydney zikapata fedha, nazo zikaanza kuvuna vijana wa Queensland kama mtu anavyovuna embe la jirani lililoinamia uani kwake. Kijana kazaliwa Queensland, kafundishwa mpira Queensland, anasajiliwa Sydney, halafu kila mwaka analetwa Brisbane amevaa bluu kuwapiga kaka zake. Chukueni mtoto wa Kigoma aliyesajiliwa Dar, kila mwaka analetwa uwanja wa Lake Tanganyika kuwafunga watu wa mtaani kwao, na mama yake yupo jukwaani hajui ashangilie nini. Queensland walishinda mfululizo, yaani jumla ya mechi za mwaka mmoja, mwaka 1959, kisha miaka ikapita, ikapita, mpaka watu wakaacha kwenda uwanjani.

Tarehe 8 Julai 1980 wakajaribu jambo jipya. Mechi 2 za mwaka ule zilikuwa zimechezwa kwa sheria ya zamani na Queensland walifungwa zote. Ya tatu wakasema: leo kila mtu arudi kwao. Sydney wengi waliona ni mchezo wa kuigiza. Queensland wakamwita Arthur Beetson, mzaliwa wa Roma, mji mdogo magharibi ya hapa, mtu wa asili wa nchi hii, ambaye kabla ya hapo alikuwa nahodha wa Australia. Alikuwa na miaka 35. Miaka yote hiyo alikuwa ameivalia New South Wales na hajawahi kuivaa jezi ya kwao hata siku moja. Akawaongoza kutoka kwenye lile lango la Lang Park, uwanja wa hapa Brisbane, akiwa nahodha, na zaidi ya watu 33,000 wakasimama. Queensland 20, New South Wales 10. Kijana mmoja aitwaye Mal Meninga, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 20, alipiga mateke 7 golini na yote 7 yakaingia. Na kuna ile habari kwamba Beetson alimtandika ngumi Mick Cronin, mwenzake wa klabu moja kule Parramatta. Inasimuliwa mpaka leo, na kila msimuliaji anaongeza ngumi moja. Mimi nimewahi kusikia za kwake 4.

Tangu 1982 wanacheza mechi 3 kila mwaka. Nyie mnaopita pale uwanjani kwa basi mmeziona sanamu. Mmojawapo ni Beetson, na mwingine ni Wally Lewis, waliyemwita Mfalme. Uwanja wenyewe, niwaambie tu, umejengwa juu ya makaburi ya zamani. Kwetu hakuna mtu angekwenda pale usiku. Hawa wanakwenda 52,000 na wanalipa kiingilio.

Rangi ya Queensland ni damu ya mzee. Nawaomba mama zetu mnisaidie hapa, maana watoto wetu wanaiita nyekundu, na nyekundu si damu ya mzee. Watu wa New South Wales ni bluu. Watu wa huku huwaita wale mende. Nao hutuita vyura, wale vyura wakubwa wenye sumu mnaowaona barabarani mvua ikinyesha, walioletwa Queensland kutoka Hawaii mwaka 1935 wale wadudu wa miwa. Wadudu hawakuliwa, vyura wakabaki na kuzaana. Ukiitwa chura Jumatano usiku usikasirike, ni heshima. Ukiitwa chura siku nyingine yoyote, njoo uniambie.

(Hapa mzee wa Unguja mjini aliuliza kama mchezo una mchawi. Nikamwambia yupo, anaitwa daktari wa misuli.)

Sasa niingie kwenye kilichonileta. Tuna nafasi gani?

Nitawaambia kitu ambacho wenyeji hawapendi kukisikia. Kila mwaka Queensland ikionekana dhaifu, magazeti na redio hutoa kabatini hadithi zilezile. Watasema 1995: ligi imepasuka vipande viwili, mastaa waliosaini upande wa pili wamezuiwa wasichaguliwe, kocha Paul Vautin anaokota vijana wasiojulikana, anashinda mechi ya kwanza pointi 2 kwa 0, penalti moja tu usiku mzima, na mwisho anashinda zote 3. Watasema Billy Moore alipokuwa akitembea kwenye ule ujia kuelekea uwanjani mwaka huo alikuwa akipaza sauti "Queenslander!" peke yake kama muadhini. Watasema 2020: mfululizo umesogezwa mpaka Novemba kwa sababu ya korona, watu wanawaita timu mbovu kuliko zote zilizowahi kuvaa jezi ile, kocha Wayne Bennett anaichukua, wanashinda 2 kwa 1. Yote hayo ni kweli na ni matamu. Mimi mwenyewe nimewasimulia watoto ninaowafundisha.

Lakini hesabu ndugu zangu. Tangu 1982 mpaka mwaka jana, Queensland wamechukua mfululizo mara 24, New South Wales mara 17, na mara 2 wametoka sare. Kuanzia 2006 mpaka 2013 Queensland walishinda miaka 8 bila kupumzika. Mtu aliyeshinda mara 24 hawezi kukaa barazani akijiita mnyonge. Unyonge huo ni nguo ya sikukuu, inavaliwa siku moja na kurudishwa sandukuni. Ubaya wake ni kwamba ukiuzoea unaanza kuamini kwamba tatizo lako ni moyo, na dawa yake ni moyo zaidi.

Mwaka jana moyo ulikuwepo. Nami nilikuwepo. Mechi ya kwanza kule Sydney, dakika ya 8 kijana wa New South Wales, Joseph Sua'ali'i, akamgonga Reece Walsh kichwani akatolewa nje, Queensland wakashinda 38 kwa 10 dhidi ya watu 12. Tukajipongeza. Mechi ya pili Melbourne, mpaka mapumziko tulikuwa tumekwisha fungwa 34 bila kitu. Kisha ya tatu, hapahapa, Lang Park, uwanja umejaa. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Hatukutunzwa. Tulifungwa 14 kwa 4, na zile 4 zilikuwa penalti mbili. Dakika 80 nyumbani, watu wanapiga kelele mpaka meno yanauma, na Queensland hawakufunga trai hata moja. New South Wales hawakuwa wameshinda mechi ya kuamua mshindi katika uwanja ule tangu 2005.

Nilipotoka nje nikamsikia mzee mmoja mwenyeji anamwambia mjukuu wake, "Hawakuwa na moyo leo." Nikasema kimoyomoyo, hapana babu. Walikuwa na moyo. Walikaba kama watu wanaolinda shamba. Walichokosa ni mtu wa kuufungua mlango. Moyo unazuia trai. Kuifunga ni kazi nyingine, nayo inataka namba 7 anayejua lini apige teke, lini atoe pasi, lini akimbie mwenyewe.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo kwa mwaka huu.

Timu ilitajwa Jumatatu. Kocha ni Billy Slater, mtu aliyecheza mechi 31 za Origin mwenyewe, mwaka wake wa 4 sasa. Nahodha na namba 7 ni Daly Cherry-Evans. Namheshimu. Ni nahodha tangu 2019 na ametupa mataji. Lakini ana miaka 36, na tangu Machi, alipotangaza kwamba ataihama klabu yake mwisho wa msimu, hapati siku ya utulivu. Kila akipewa kipaza sauti anaulizwa anakwenda wapi. Pembeni yake, namba 6, ni Cameron Munster wa Rockhampton, ambaye mkimwona Jumatano mtamjua bila namba: ni yule anayefanya jambo ambalo kocha yeyote angemkataza, kisha linafaulu. Nyuma ya mchezaji aliyeangushwa anasimama Harry Grant, mwepesi wa kuokota na kukimbia pale walinzi wanapokuwa bado wanajikusanya. Na kwenye benchi, na jezi namba 14, amekaa Tom Dearden.

Mimi ningemwanzisha Dearden. Nasema hivi mbele ya mashahidi. Kule Townsville anaiongoza klabu yake kila wiki, anakimbia kwenye mstari badala ya kusimama nyuma yake, na akikaba hapelekwi. Slater anaona uzoefu wa Cherry-Evans utatuliza mechi ya kwanza nyumbani. Huenda ana haki; yeye ameshinda mengi, mimi nafundisha watoto wa chini ya miaka 12 na Jumamosi iliyopita tulifungwa na watoto ambao kocha wao hakufika. Lakini timu iliyoshindwa kufunga trai nyumbani haihitaji kutulizwa. Inahitaji kuamshwa.

Upande wa pili wana nini? Wana Nathan Cleary. Mwaka jana walitufunga bila yeye, alikuwa majeruhi mfululizo mzima. Sasa amerudi, yeye pamoja na wenzake wa Penrith, klabu iliyochukua ubingwa miaka 4 mfululizo, 2021 mpaka 2024: Isaah Yeo ndiye nahodha, Dylan Edwards nyuma kabisa, Brian To'o pembeni, Liam Martin mbele. Watu hawa wamekwisha cheza pamoja mpaka mmoja akipiga chafya mwingine anatoa leso. Ongeza Payne Haas, ambaye sijui nimwelezeje. Mama yangu angesema huyo si mtu, ni mlango wa msikiti. Latrell Mitchell yupo. Mitchell Moses, aliyetumaliza mwaka jana, amewekwa namba 6.

Kasoro yao ni ipi? Wawili hao, Cleary na Moses, wote ni watu waliozoea kushika usukani. Kwenye daladala moja madereva wawili, tutaona. Na kocha wamebadilisha. Michael Maguire, aliyewapa ushindi mwaka jana, amehamia kufundisha Broncos ya hapa Brisbane. Naam, mtu aliyetutoa machozi sasa anakula chakula chetu. Amerudi Laurie Daley, mchezaji mkubwa wa zamani, ambaye alipokuwa kocha 2013 mpaka 2017 alishinda mfululizo mmoja kati ya 5. Nakiri kwamba katika hiyo miaka alikuwa anapambana na kizazi bora kabisa cha Queensland. Bado, 1 kati ya 5.

Vijana wananiuliza niangalie nini ili nijue mapema nani atashinda. Usiangalie mpira. Angalia yule aliyeangushwa: anachukua muda gani kuinuka? Mtu wa Queensland akilazwa na kuinuka haraka, Harry Grant anapata nafasi yake na mende wanarudi nyuma. Akilaliwa na watu watatu, akiinuka taratibu kama mzee anayetoka kitandani, usiku utakuwa mrefu. Hiyo ni kazi ya mafowadi, wale watu wazito wa mbele, Tino Fa'asuamaleaui na wenzake, na itaonekana ndani ya dakika 20 za mwanzo. Jambo la pili ni penalti. Ukimpa Cleary penalti moja anakusogeza mita 40, ukimpa 3 za mfululizo anakufunga bila kutoa jasho. Queensland wakiwa na hasira hukosea, na Lang Park huwa inawatia hasira badala ya kuwatia akili.

Kuna kijana mpya pia, Robert Toia, ambaye ligi kuu ameianza mwaka huuhuu na tayari amevishwa damu ya mzee. Namtakia heri. Kwenye winga yupo Xavier Coates, mrefu, anaruka kama anadaka embe, na kwake nitarudi.

Ratiba haitupendelei. Jumatano tuko nyumbani, Juni 18 ni Perth kwenye uwanja usio wa mtu, na Julai 9 ni Sydney. Nyumbani mara moja tu. Ni kweli Queensland walikwenda Sydney wakashinda mechi ya kuamua mwaka 2008 na tena 2013, lakini wakati huo walikuwa na kina Cameron Smith, Johnathan Thurston na Slater huyuhuyu akiwa bado ana magoti.

Kwa hiyo mkinibana niseme: Jumatano Queensland tunashinda kwa pointi chache, 4 au 6, kwa kelele za uwanja. Mfululizo wote, naona bluu. Usibeti kwa maneno yangu. Na nyinyi vijana wa mlangoni, nawaona na hizo simu, msibeti kwa maneno ya mtu yeyote. Nimewaeleza mashine za kamari zilivyoihamisha timu nzima ya jimbo hili kwenda Sydney, sasa mashine imeingia mfukoni mwenu.

(Wanaojua kilichotokea wamecheka. Jumatano ile Queensland walifungwa 18 kwa 6. Baada ya hapo Slater akamweka Cherry-Evans pembeni, akampa Munster unahodha na Dearden namba 7, wakashinda Perth 26 kwa 24 na Sydney 24 kwa 12. Nilikosea mechi na nikakosea mfululizo. La Dearden sikulikosea, na mke wangu ameniomba niache kulisema mezani.)

Nisiwasahau dada zetu. Timu ya wanawake ya Queensland nayo inacheza mfululizo wake, na mwezi huu wamekwisha poteza mechi 2 za kwanza. Ya tatu ni Alhamisi, kule Newcastle. Hawana kombe la kutafuta tena, wanacheza kwa ajili ya jezi. Itazameni.

Nilisema nitarudi kwa Xavier Coates. Kijana huyu alizaliwa Port Moresby, Papua New Guinea, nchi ambayo usiku wa Origin inagawanyika vipande viwili kuliko hata hapa. Akaletwa mdogo Gold Coast, nusu saa tu kutoka kwenye ukumbi huu. Kalyn Ponga, beki wetu wa mwisho, alizaliwa Port Hedland, Australia Magharibi, akaishi Mount Isa utotoni. Fa'asuamaleaui jina lake ni la Kisamoa. Kama asili ingekuwa kaburi la babu, hawa wote wasingekuwemo. Sheria ya sasa inauliza ulizaliwa katika jimbo, au uliishi humo kabla ya kutimiza miaka 13, au baba yako aliwahi kucheza Origin. Hayo tu, kwa maneno machache.

Mimi ninaendesha basi hapa Logan, na kila asubuhi nawabeba watoto wenu kwenda shule. Nikiwatazama kwenye kioo nawahesabu: huyu alifika ana miaka 4 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huyu 7, huyu alizaliwa hospitali ya hapa. Kwa sheria ya raga hawa ni wa Queensland sawasawa na mjukuu wa Beetson. Hakuna atakayewauliza kwenu hasa ni wapi. Ofisini wataulizwa, dukani wataulizwa, kwenye raga hapana. Tena raga inataka kujua jambo moja tu, ulikuwa wapi ulipokuwa mtoto.

Nilipofika hapo nikataka kushukuru nikae. Kijana mmoja wa mlangoni akanyoosha mkono. Mrefu, mabega mapana, namjua, nimemwona akicheza bustanini na ningempenda winga ya kushoto.

"Kocha, mimi nilifika nina miaka 13 na miezi 2."

Ukumbi ukanyamaza. Nilitafuta la kumwambia. Nikaeleza kwamba ligi kuu haina sharti hilo, kwamba anaweza kuchezea Broncos, Cowboys, Dolphins, hata Sydney wakimtaka, na siku akiwa raia kuna timu ya taifa. Nikasema pia timu ya nchi aliyozaliwa ipo huru kuanzishwa. Akatikisa kichwa kwa adabu. Mtoto huyu amekaa kambini miaka 9 akisubiri karatasi, na karatasi ikachelewa miezi 2. Mimi ni dereva wa basi, sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo: "Mwanangu, hapo sina jibu."

Mama yake akasimama. Alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni na mwingine wa kike kamshika mkono, mwembamba, magoti yana makovu ya kuanguka.

"Huyu alifika na miaka 7," akasema. "Mnafundisha na wasichana?"

"Tunafundisha, mama."

"Lini?"

"Jumanne, saa 11 jioni, uwanja wa nyuma ya shule. Aje na chupa ya maji, na viatu vya kaka yake kama vinamtosha."